Mtoto aliyekaa miaka mitatu bila kujua jina lake

Kisa hiki ni cha Busia, upande wa Uganda, mji ambao hata neno bodaboda lilianzia kwa vijana waliokuwa wakivusha watu mpakani kwa baiskeli. Nilikifuatilia, kama mwalimu, tangu mtoto huyu kiziwi akiwa na miaka 3 na miezi 2 hadi alipopita miaka 5. Mama yake ameniruhusu kukiandika mradi nisitaje majina. Sharti hilo halikunipa shida, kwa maana mtoto mwenyewe ana jina lisiloandikika: kidole cha shahada kinagusa meno ya mbele ya juu, penye mwanya. Viziwi humpa jina la alama kila anayeingia kwao, na hilo ndilo lake. Humu nitamwita Mwanya.

Neno moja kuhusu maneno. Ng'ambo ya mpaka Wakenya husema lugha ya ishara, Watanzania husema lugha ya alama. Mimi nitasema alama nikimaanisha lugha kamili yenye sarufi yake, ile ya viziwi wa Uganda ambayo Katiba ya mwaka 1995 inaitaka serikali iikuze. Neno ishara nitaliacha kwa zile za nyumbani, za kuonyesha mdomo ukitaka chakula. Kisa chote kimelala katika tofauti hiyo.

Alivyoletwa

Aliyemleta kwangu ni VHT, mhudumu wa afya wa kujitolea, wa mtaa wao. Alimkuta sokoni amefungwa lesu kwenye kifundo cha mguu, ncha ya pili ikiwa kwenye mguu wa meza ya omena. Kabla msomaji hajahukumu: meza ile iko hatua chache kutoka barabara ambako malori hupanga foleni yakisubiri kuvuka. Mtoto hasikii honi. Hajui maana ya "usiende". Anaona tairi linazunguka, analifuata. Baba ni utingo wa malori ya Juba, hufika nyumbani mara mbili kwa mwezi. Mama yuko peke yake na mzani, na samaki wake wametoka Majanji alfajiri hiyo, wasipouzwa leo wanashuka bei kesho. Mimi nisingejua la kufanya zaidi ya lile lesu.

Mwanya hakuwa na neno hata moja. Aliuma watu. Alijitupa chini kwa hasira zisizo na mwanzo unaoonekana. Wapita njia walimwita kasiru, neno la Kiganda ambalo limekaa jirani mno na lile la upumbavu, au wakamwita bubu kwa Kiswahili, ambalo si afadhali.

Niliwaomba nyumbani wanionyeshe wanavyoelewana naye. Nilipata ishara 12: kula, maji, choo, kulala, njoo, nipe, acha, moto, kuchapwa, na nyingine za namna hiyo. Ukizipanga utaona kitu: zote ni za kuomba au kukataza. Hapakuwa na hata moja ya kuuliza. Hapakuwa na ya kusimulia kilichotokea jana, wala ya kumtaja mtu asiyekuwepo. Baba akipanda lori, hapakuwa na njia yoyote ya kumwambia mtoto kwamba atarudi. Kila safari alipotea tu, na kila alipotokea alikuwa muujiza.

Na jina? Alipewa la mama mzaa babu yake, jina zuri la Kisamia, na akaitwa hilo kila siku kwa miaka mitatu. Hakuwahi kulipokea. Miezi kadhaa baadaye, jambo hili lilipomwingia vizuri, mama aliniuliza, "Sasa mwalimu, siku zote hizo nilikuwa namwita nani?"

Daftari na malori

Alizaliwa mwaka 2020. Siku ya nne alishikwa na homa akaacha kunyonya. Rekodi yake, kama kawaida yetu, iko kwenye daftari la shule lililokunjika jalada. Humo mna sindano za ampisilini na jentamaisini, dawa za kuua bakteria, kwa siku saba, na pembeni mtu ameandika kwamba macho yalikuwa na manjano. Familia ilishamchagua mkosaji: sindano. Ni kweli kwamba jentamaisini inaweza kuharibu sikio la ndani. Lakini maambukizi yenyewe ya mtoto mchanga yanaweza, manjano makali yanaweza, na uko uziwi wa kurithi usiohitaji ugonjwa wowote. Kwa daftari lile huwezi kutenganisha. Nilimwambia mama kwamba bila sindano ile huenda tungekuwa tunazungumzia kaburi. Akanyamaza. Sina hakika kama nilichagua maneno vizuri. Nilichotaka kusema ni kwamba miezi mingi ilikuwa imeliwa na swali la nani alaumiwe, na jibu lolote lisingebadilisha alichohitaji mtoto.

Kabla hajatimiza mwaka alifikishwa chanjo mara 5, kama ratiba yetu ya wakati huo ilivyotaka: kuzaliwa, wiki 6, wiki 10, wiki 14, miezi 9. Mara zote alipimwa uzito. Masikio hakuna aliyeyauliza. Uganda haina upimaji wa kusikia kwa kila mtoto mchanga kama walio nao Uingereza, na muuguzi mwenye benchi lililojaa akina mama simlaumu. Lakini kuna swali lisilohitaji mashine wala umeme: ukimwita kwa nyuma, bila kumgusa, bila yeye kuona kivuli chako, anageuka?

Mama alilijaribu mwenyewe mtoto akiwa na miezi 14. Hakugeuka. Ila lori likipita aligeuka, na nyanya yake akamaliza mjadala: "Si unaona? Anasikia huyo. Ni kiburi cha baba yake."

Hapa ndipo familia nyingi za mjini kwetu hudanganyika, basi nieleze. Ngurumo ya injini ni sauti nzito, na watoto wengi wenye uziwi mkubwa hubakiwa na usikivu kidogo kwenye sauti nzito. Juu ya hayo ardhi hutetemeka, na nyayo hupokea mtetemo. Maneno yanategemea zaidi sauti nyembamba na hafifu: s, f, t, k. Mtoto anaweza kugeukia lori na asilisikie jina lake hata mara moja. Halafu Mwanya alikuwa mtoto mwenye sauti. Viziwi wachanga hulia, hucheka na kugugumia kama wenzao. Kinachochelewa kwao ni ile "ba-ba-ba, ma-ma-ma" iliyopangika, ambayo mtoto anayesikia kwa kawaida huwa nayo kabla ya mwezi wa 11. Hakuna aliyekuwa akihesabu miezi.

Ukaja ushauri wa majirani. Wengine huchelewa. Mjomba wake naye alichelewa, leo ni dalali. Akiwa na miaka 2, mzee mmoja alimkata uzi wa chini ya ulimi. Kidonda kilipona. Maneno hayakuja, kwa kuwa ulimi haukuwahi kuwa na tatizo.

Lugha kabla ya cheti

Kipimo chenyewe cha kusikia nitakipitia haraka. Kampala ni kama kilomita 200. Safari ya kwanza mashine ilikuwa mbovu, wakarudi mikono mitupu na nauli imekwenda. Safari ya pili ilifanikiwa: sauti isiyofika desibeli 85 haisikii kwa sikio la kulia, wala isiyofika 95 kwa la kushoto. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili ni kama desibeli 60. Kati ya siku alipoletwa kwangu na siku ya jibu hilo ilipita miezi mitano.

Sikuisubiri miezi hiyo mitano, na huu ndio uamuzi ninaoutetea kuliko mwingine wowote katika kisa hiki. Wapo wenzangu wanaosema usimwanzishie mtoto alama hadi upate cheti cha daktari. Hesabu yangu ni nyepesi. Kama ningekosea na mtoto akawa anasikia, angepoteza nini? Angekuwa amejifunza lugha moja ya ziada, na katika nyumba ambayo tayari ina Kisamia, Kiswahili na Kiganda cha sokoni, lugha ya ziada si mzigo wa kumvunja mtu mgongo. Kama ningesubiri na akawa kiziwi, miezi mitano ile isingerudi.

Wataalamu wa nchi zenye vifaa hutumia kanuni ya 1-3-6: apimwe kabla ya mwezi 1, ugunduzi ukamilike kabla ya miezi 3, msaada uanze kabla ya miezi 6. Mwaka 1998 Christine Yoshinaga-Itano na wenzake walichapisha utafiti wa Colorado, Marekani, ulioonyesha kuwa watoto waliogunduliwa kabla ya miezi 6 na kupata msaada mapema waliwapita kwa lugha wale waliogunduliwa baadaye. Kinachonivutia katika utafiti huo ni kwamba tofauti ilionekana kwa watoto wa viwango mbalimbali vya uziwi, na kwa wanaotumia alama na wanaotumia sauti. Mwanya alifika kwangu akiwa na miezi 38.

Fundi

Zaidi ya watoto 9 kati ya 10 viziwi, kwa takwimu za Marekani, huzaliwa na wazazi wanaosikia. Maana yake mtoto anaingia nyumba ambamo hakuna anayejua lugha anayoweza kuiona. Nami, pamoja na masomo yangu yote ya Chuo Kikuu cha Kyambogo, nasaini, yaani nazungumza kwa alama, kama mgeni. Mikono yangu ina lafudhi. Mtoto anahitaji mwenye lugha.

Barazani karibu na soko kuna fundi cherehani, mama wa watoto wawili, kiziwi tangu utotoni, aliyesoma shule ya viziwi ya Ngora. Nilimwomba awe anakwenda kwao siku tatu kwa wiki, saa moja. Tulikubaliana malipo: mama atatoa omena na nauli, mimi nitaongeza kidogo. Hilo la malipo nalisisitiza. Watu hudhani kiziwi akifundisha lugha yake anafanya ibada; yule anaacha cherehani, na cherehani ndiyo inayolisha watoto wake.

Siku ya kwanza nilitarajia somo. Fundi hakufundisha kitu. Alikaa kwenye mkeka, akatoa rili ya uzi mwekundu, akaiviringisha. Mwanya akaifuata. Fundi akaificha chini ya khanga, akauliza kwa alama: WAPI? Uso mzima uliuliza, nyusi, mabega. Akaitoa. Akaificha. Mchezo huo ulichezwa siku kumi hivi, kwa rili, kifungo, hata kifaranga. Siku ya 11 fundi alipotaka kuondoka, Mwanya alimshika kiganja na kusaini TENA. Ni alama yake ya kwanza. Nyanya aliyekuwa akipepeta mchele aliona, akaendelea kupepeta.

Wiki iliyofuata fundi aligawa majina. Alijionyesha yeye na kusaini jina lake. Akamwonyesha mama, akampa lake. Nyanya, lake. Kisha akagusa meno ya Mwanya kidogo. Mtoto alitazama kidole. Akagusa meno yake mwenyewe. Akamwonyesha mama, akasaini jina la mama; akajigusa meno. Siku nzima alizunguka uani akijitaja, kwa kuku, kwa mwembe, kwa mtu wa maji.

Nilikaa pembeni nikijifunza kazi ambayo nilidhani naijua. Sisi tunaosikia humwambia mtoto "ona mbuzi" huku yeye akimtazama mbuzi. Sikio hupokea wakati jicho liko kwingine. Mtoto kiziwi ana mlango mmoja tu. Akimtazama mbuzi hakuoni wewe. Kwa hiyo fundi husubiri. Mtoto anatazama mbuzi, anashiba, anamrudia mtu, na hapo ndipo alama inatolewa. Au fundi anaingiza mkono kati ya jicho na mbuzi. Au anasaini juu ya mwili wa mtoto mwenyewe, shavuni kwake, begani kwake. Kumwita ni kugusa bega, kupunga mkono au kukanyaga sakafu. Kumshika kidevu na kumgeuza kwa nguvu, alivyozoea mama kwa sababu hakuwa na njia nyingine, fundi alikukataza kwa jicho moja tu.

Kuna jambo ambalo katika mafunzo yangu halikutajwa kamwe: usiku. Nyumba ile ilikuwa na kibatari kimoja jikoni. Jua likizama, wengine waliendelea kupiga soga gizani hadi usingizi, na kwa Mwanya mazungumzo yalikatika saa moja jioni hadi asubuhi. Ndizo saa zile zile nyanya anasimulia hadithi za sungura. Tulihamisha taa ya sola kutoka dukani, tukaitundika mbele ya msemaji na siyo nyuma yake, maana taa ikiwa nyuma uso na mikono huwa kivuli. Gharama yake ilikuwa msumari mmoja.

Alama za nani?

Busia ina swali ambalo mji wa ndani ya nchi kama Masaka hauna. Hatua chache kutoka kwetu viziwi wanatumia lugha ya ishara ya Kenya, ambayo Katiba yao ya 2010 imeifanya lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Si lugha moja na ya Uganda. Nilipata onyo kutoka pande zote mbili: usimchanganye mtoto. Fundi alicheka. Wateja wake wanatoka pande zote mbili, naye hubadilisha mikono kama mama wa omena anavyobadilisha shilingi ya Kenya na ya Uganda. Akili ya mtoto haijui mpaka. Kanuni niliyoifuata ni ya kimaskini: mpe lugha ya mtu mzima aliyepo, anayeishi karibu na atakayekuwepo mwakani. Angekuwepo fundi wa Kenya tu, ningeanza na ya Kenya.

Baba, nyanya na mashine

Baba alipinga. "Akizoea mikono, ulimi utalala." Ni hofu ya wazazi wengi, na haina ushahidi wa kuisimamia, mtoto mwenye lugha tayari ana kitu cha kusema, iwe kwa mdomo au kwa mikono. Nilimtajia Alex Ndeezi, kiziwi aliyeingia Bunge la Uganda mwaka 1996. Akanijibu, "Bunge liko Kampala, mwalimu. Mimi niko barabarani."

Kilichomgeuza hakikuwa hoja yangu. Alikuwa Elegu, mpakani na Sudan Kusini, lori limekwama siku tisa. Mama alimpigia kwa video. Kwa kawaida simu ya baba ilikuwa kitu ambacho wengine walishikilia sikioni huku mtoto akifukuzwa asisumbue. Safari hii Mwanya alimwona, akasaini BABA, LORI, WAPI? Baba hakuelewa hata moja. Mama ikabidi atafsiri. Jioni ile baba alimwomba mama amtumie alama kwa WhatsApp, mojamoja, na tangu hapo amekuwa akijifunza akiwa kwenye foleni za forodha. Anasaini vibaya sana. Mtoto humsahihisha.

Mashine za masikio zilifika baada ya mwaka mmoja na kidogo, za msaada. Nisizibeze. Kwa kiwango chake cha uziwi zilimpa sauti ya ngoma, ya mlango, na irabu za mama akiwa karibu. Sasa hutamka maneno machache ambayo watu wa nyumbani wanayaelewa. Lakini nisizipambe pia. Betri ni kama kifungo, hudumu wiki moja au mbili, na ukishabandua karatasi yake inaanza kuisha hata usipoitumia. Kipande cha ndani ya sikio hulegea mtoto akikua, kisha mashine hupiga mbinja, na cha kupimwa upya kiko Kampala. Jasho na mvua za Aprili zimeua moja. Kama familia hii ingekaa ikisubiri mashine ndipo ianze kuzungumza na mtoto, ingeanza mwaka mmoja nyuma, halafu ingenyamaza kila betri inapoisha.

Shule nayo. Elimu ya awali Uganda imeachwa mikononi mwa watu binafsi. Serikali inaanza darasa la kwanza. Kwa mtoto anayesikia, miaka ya 3 hadi 5 ni ya kucheza. Kwa kiziwi ni ile ile ambayo lugha inakimbia nayo. Chekechea mbili zilimkataa, moja kwa adabu na moja bila. Ya tatu ilimpokea kwa sharti kwamba fundi aje asubuhi mbili kwa wiki, na sasa watoto wote darasani wanasaini wakati wa uji kwa sababu, kama alivyoniambia mwalimu wao, ndiyo njia pekee ya kupata utulivu.

Makosa yangu ni mawili. Nilitumia nguvu nyingi kwa mama, ambaye hakuhitaji kushawishiwa, na nikamwacha nyanya, ambaye ndiye aliyekaa na mtoto saa nyingi zaidi. Na nilihesabu alama kupita kiasi. Daftari langu lina alama 6 mwisho wa mwezi wa kwanza, zaidi ya 40 mwezi wa nne, alama mbili pamoja mwezi wa saba. Namba hizo zilinifurahisha mimi. Hazikuniambia kama mtoto anaulizwa maswali, au anaamrishwa tu kwa alama badala ya ishara.

Nyanya alishikilia miaka karibu miwili kwamba hana mikono ya mambo hayo. Alielewa, lakini hakusaini. Mwezi uliopita nilipita kwao jioni nikakuta vipande vya kikombe cha udongo mlangoni, kile chake cha chai, na nyanya amesimama juu yake. Mwanya alikuwa akieleza kwa haraka, uso umejaa huruma: mbuzi ameingia, mbuzi ameruka juu ya meza, mbuzi amekimbilia kule. Alionyesha hata pembe. Mbuzi alikuwa amefungwa mwembeni tangu asubuhi, na chai ilikuwa inachuruzika kwenye gauni la mtoto.

Nyanya aliutazama mwembe. Akamgusa mjukuu begani, akasubiri hadi macho yakutane, akasaini polepole, kwa vidole vya mtu aliyekuwa akijifunza peke yake: MWONGO. Kisha akanigeukia. "Kikombe atakilipa baba yake," akasema. "Lakini umeona alivyomweka yule mbuzi?"